Badala ya "kwa nini?", muulize "tufanyeje?"

Kwetu Nkuhungu, maji ya mgao yakifunguliwa kazi nyingine zote zinasimama. Siku hiyo nilikuwa nachambua mlenda, nikamwambia mwanangu wa miaka 6 asimamie mpira wa maji kwenye pipa, likijaa aniite. Baadaye nasikia maji yanachuruzika uani. Pipa linafurika, mtoto yuko barabarani anaendesha tairi lake.

Nilifoka mpaka majirani wakachungulia. "Kwa nini umeacha maji?" Akajibu, "Sijui." Nikaona ni jeuri, nikafoka zaidi.

Leo naamini alisema kweli. Sehemu ya ubongo inayotusaidia kujizuia na kushika agizo kichwani iko nyuma ya paji la uso, na ni miongoni mwa zinazochelewa sana kukomaa. Huendelea kujengeka hata mtu akiwa na miaka ishirini na kitu. Kwa mtoto wa miaka 6, tairi likishaanza kubingirika, agizo la mama limeondoka nalo. Akiogopa ndiyo kabisa, maana hofu huizidi nguvu sehemu hiyohiyo. Kwa hiyo nilipofoka, alichojifunza ni sura yangu tu.

Sisemi aachwe. Maji ya Dodoma si ya kuchezea! Ila bibi yake, aliyekuwa amekuja kutoka Mpwapwa, alimwacha alie amalize, akampa kopo achote yaliyotuama akamwagilie mpapai. Ndipo akauliza: "Mjukuu wangu, siku nyingine tufanyeje?"

Swali hilo nimelichukua jumla. "Kwa nini" humfanya mtoto ajitetee. "Tufanyeje" humrudisha kwenye kosa lenyewe: alitegemea nini, kikatokea nini. Ubongo hujifunza sana kwenye tofauti hiyo.

Miaka ya 1960 na 1970, mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwawekea watoto wadogo kitu kitamu: ukisubiri, unapata zaidi. Baadhi ya waliofaulu hawakukaa wakikitolea macho. Waligeuka pembeni, wakaimba, wengine wakajifunika macho.

Mgao uliofuata nilimpa kazi ileile, baba yake akicheka. Kabla hajaenda kwenye pipa alikuja kwanza jikoni.

"Mama, nishikie tairi."

Pipa likajaa, akaniita. Mgao wa tatu alisahau tena, tukachota kwa kopo.