Kilo 80 zikidondoka si kilo 80 tena

Mkuu, umeuliza kwa nini msimamizi wenu hapo Arusha amekataa mfunge kamba za hanesi, ile mikanda ya mwilini ya kumkamata fundi akidondoka, kwenye papi, zile mbao za paa zinazopigiliwa mabati, wakati papi hizo hizo mnazikanyaga watu wawili na hazivunjiki. Swali hilo mimi nilijibiwa kwa gunia.

Tulikuwa tunaezua ghala Moshi. Mzee tuliyefanya naye kazi alijaza mchanga kwenye gunia, akalipima likafika kilo 80, akalifunga kwenye papi kwa kamba ya mita 2. Kwanza tuliliteremsha taratibu likaning'inia, papi kimya. Kisha tukalipandisha hadi usawa wa papi, tukaliachia. Mlio mmoja tu! Papi ilichomoka kwenye kenchi, yaani fremu ya paa, pamoja na misumari, gunia likapasukia sakafuni. Nilishika ile misumari. Ilikuwa imenyooka kama mipya. Mbao haikuvunjika, misumari ndiyo iliyochomoka.

Kinachoua ni kusimama ghafla. Kilo 80 zikishuka mita 2 kisha zikasimamishwa ndani ya sentimita 10, kamba inavutwa kwa wastani wa karibu kilo 1,700. Zikisimamishwa ndani ya mita 1, ni kama kilo 240. Ndiyo maana kamba ya hanesi ina kile kifuko kilichoshonwa: mishono inafumuka polepole ili mwili usimame kwa umbali mrefu. Viwango vya Ulaya vinataka kifuko kisiruhusu mvuto kuzidi kilonyutoni 6, yaani kama kilo 600, na pa kufungia pahimili kilonyutoni 12. Marekani wanataka pauni 5,000 kwa kila mtu, karibu kilo 2,270, au mtaalamu akokotoe na paweze mara mbili ya mvuto unaotarajiwa. Papi ya misumari haipo kabisa kwenye hesabu hiyo. Tafuteni boriti ya zege au chuma kikuu cha paa, na mhandisi apakubali.

Halafu fungeni juu ya kichwa. Hili watu wengi hawalijali, nami linaniuma. Ukifunga usawa wa miguu kwa kamba ya mita 2, pete ya hanesi ya mgongoni, inakoshikizwa kamba, iko kama mita 1.5 juu ya fundo, kwa hiyo unashuka mita 3.5 kabla kamba haijakaza. Kifuko kikifumuka chote kinaongeza hadi mita 1.75. Jumla mita 5.25. Kama paa lenu liko mita 5 kutoka chini, miguu inagonga sakafu ukiwa umevaa hanesi nzima, fundo likiwa limeshika vizuri kabisa.