Mpira wa sevu unarudi nyuma ya kichwa: kasoro iko wapi?

SWALI: Kocha, habari za kazi. Nina miaka 36, natumia mkono wa kulia, na nimecheza tenisi miaka miwili hapa Tanga. Mazoezini sevu yangu, yaani pigo la kuanzisha pointi, si mbaya. Kwenye mechi mpira ninaourusha unaangukia nyuma ya kichwa, au unakwenda kushoto, nami naupiga hivyo hivyo. Jumamosi iliyopita nilifanya dabo folti tatu katika gemu moja, yaani mara tatu nilikosea sevu zote mbili na kupoteza pointi. Nilishauriwa nirushe juu zaidi. Nimefanya hivyo mwezi mzima na hali imezidi kuwa mbaya. Ninakosea wapi?

JIBU: Dada yangu, pole kwa gemu ile. Nianze na huo ushauri uliopewa, maana ndio uliokuzidishia tatizo. Mpira ulioachiwa ukiwa umeegemea nyuma kidogo, ukipanda juu zaidi utaangukia nyuma zaidi. Kimo hakirekebishi mwelekeo. Tena kinakunyima muda: mpira unaoshuka sentimita 20 kutoka kileleni unafika kwenye raketi ukiwa na mwendo wa karibu mita 2 kwa sekunde, na ukishuka mita 1 nzima mwendo huo unapita mita 4 kwa sekunde. Nafasi ya kuukuta mahali unapoutaka inapungua kwa zaidi ya nusu. Ni kweli Steffi Graf wa Ujerumani alirusha juu sana na akatwaa mataji 22 ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, ya mchezaji mmoja mmoja. Goran Ivanišević wa Kroatia naye alirusha chini, akaupiga mpira karibu na kilele chake, na akawa bingwa wa Wimbledon mwaka 2001. Kila mmoja alikuwa na mdundo wake wa miaka mingi. Wewe kaa katikati. Simama kando ya ukuta, nyoosha mkono wa raketi juu kabisa, mtu akuwekee alama ya chaki inapofika ncha ya raketi. Kilele cha mpira wako kiwe kiasi cha shibiri moja hadi mbili juu ya alama hiyo, basi.

Sasa kiini. Sijakuona ukicheza, lakini kwa maelezo yako nina hakika kubwa kwamba unauachia mpira umechelewa.

Fikiria mlango na bawaba. Bega ni bawaba, mkono ni mlango. Mkono ulionyooka unapopanda, kiganja hakiendi wima, kinachora duara. Kikifika usawa wa bega, ndipo kinapoelekea juu moja kwa moja. Kikipita hapo, kila hatua inakigeuza kidogo kukurudia wewe. Ukiachia mpira kiganja kikiwa usawa wa macho, mgeuko huo bado ni mdogo, na mwili unaosogea mbele pamoja na bega linalonyanyuka vinaufidia. Ukiachia kiganja kikiwa kimeshapita utosi, mpira hauna njia ila ya nyuma. Kiwiko kikikunjika au kifundo cha mkono kikicheza, mambo yanaharibika zaidi, kwa sababu duara linakuwa dogo na linageuka haraka.

Kwa nini mazoezini unaachia mapema na kwenye mechi unachelewa? Vidole. Ukiwa na wasiwasi unaukaza mpira, na mpira uliokazwa hautoki kwa wakati. Usiushike kiganjani. Ulaze juu ya pedi za vidole, kidole gumba kikiushikilia kwa upole kutoka upande, na usibebe mpira wa pili katika mkono huo huo, weka mfukoni. Tanga kuna joto na jasho, kwa hiyo futa mkono huo kila pointi kama unavyofuta ule wa raketi. Watu wengi hawaukumbuki.

Neno lenyewe "kurusha" ndilo linalotupoteza, naamini hivyo kabisa. Mtu akiambiwa arushe, anatupa. Chukulia kwamba unamkabidhi fundi aliye juu ya ngazi kopo la rangi lililojaa hadi ukingoni. Hutamtupia, na hutakunja kifundo. Utaliinua kwa bega, mkono umenyooka, ukianza polepole na kuendelea bila kusita. Inua mpira namna hiyo kutoka kwenye paja la mguu wa mbele, kisha vidole vyote vifunguke kwa pamoja. Mpira ukitoka bila kuzunguka, umeufanya sawasawa. Ukiuona unazunguka hewani, kifundo kimeingilia kati.

Kwenda kushoto kuna sababu nyingine: kifua kinafunguka kuelekea wavuni kabla ya wakati na kuuvuta mkono pamoja nacho. Kaa ubavu. Mkono wa mpira uinuke ukielekea nguzo ya kulia ya wavu, si katikati ya uwanja. Na ukishaachia mpira usiushushe mkono huo. Uache juu, kana kwamba unauonyesha mpira kwa kidole, hadi raketi inapoanza kupanda. Mkono wa kushoto ukianguka mapema, bega linaanguka nao, na mpira unaishia wavuni hata kama umeinuliwa vizuri.

Makocha wengi hueleza mahali pa mpira kwa uso wa saa. Kwa Kiswahili maelezo hayo huchanganya, kwa kuwa pale penye namba 1 sisi husoma saa saba, na nimeona watoto wakipeleka mpira kila upande kwa sababu hiyo. Tumia raketi yako. Ilaze chini ndani ya uwanja, mwisho wa mpini ukigusa ncha ya kiatu cha mbele, kichwa cha raketi kikielekea mbele na kulia kidogo. Inua mpira bila kuupiga, uache uanguke. Lengo ni kwenye nyuzi. Fanya mara 30 kila siku kwa wiki mbili, hata uani nyumbani. Usipige sevu yoyote kwa nguvu katika wiki hizo. Najua inachosha, lakini ukipiga mapema mwili utarudia kuufukuza mpira mbaya, na hiyo ndiyo tabia tunayotaka kuivunja.

Umeandika "naupiga hivyo hivyo." Hapo ndipo nataka uniamini zaidi. Sheria inakuruhusu kuuacha mpira uanguke au kuudaka, na si folti mradi hujajaribu kuupiga. Ukizungusha raketi ukaukosa, hiyo ni folti. Kwa hiyo mpira ukienda nyuma, udake, mwombe mpinzani radhi kwa kuinua mkono, uanze upya. Hakuna aibu. Aryna Sabalenka, mchezaji wa Belarus, aliteswa sana na dabo folti mwanzoni mwa mwaka 2022, hata akapiga sevu ya chini ya mkono katika mechi ya mashindano ya Adelaide, Australia. Aliijenga upya sevu yake kwa msaada wa mtaalamu wa mwendo wa mwili, na Januari 2023 akatwaa Australian Open.

Kuhusu upepo, wewe uko pwani na huwezi kuukwepa. Kusi ikivuma jioni, punguza kimo hadi shibiri moja na uongeze kasi ya raketi kidogo. Mpira unaokaa hewani muda mfupi unapeperushwa kidogo. Jua ni shida ya mchana, maana kwetu karibu na ikweta huwa utosini, hata kwenye uwanja uliojengwa kufuata kaskazini na kusini. Likikupiga machoni, usihamishe mpira. Geuza miguu kidogo, mpira ubaki mahali pale pale kulingana na mwili wako.

Sevu za slaisi, zile za kuukata mpira uzunguke, na za kupinda juu ziache kwanza. Baada ya wiki mbili, mwombe mtu akurekodi kwa simu akiwa ubavuni mwako, si nyuma, usawa wa mstari wa nyuma. Simamisha picha pale vidole vinapofunguka, utazame kiganja kiko wapi ukilinganisha na macho. Kikiwa bado juu ya utosi, rudia wiki nyingine ya kuinua bila kupiga.