Jibu: Kuzama kwenye hesabu bila kujilazimisha

Dada, umeuliza kwa nini ukikaa na hesabu za mwezi hapo dukani Oginga Odinga Street, Kisumu, akili inarukaruka. Si uvivu. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba ukiacha kazi moja kabla haijaisha, sehemu ya mawazo hubaki kule. Kwa hiyo kumjibu mteja "dakika moja tu" hukugharimu zaidi ya hiyo dakika.

Kabla ya kuanza andika mstari mmoja: "nalinganisha ujumbe wa M-Pesa na daftari, tarehe 1 hadi 10." Lengo pana kama "kumaliza hesabu" halishiki, maana huoni kama unasonga. Simu ya M-Pesa nayo ni mtego! Nakili miamala kwanza, kisha iweke chumba kingine. Kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi. Kaa dakika 60 hadi 90. Zile 15 za mwanzo huwa nzito, na wengi huacha na kuinuka hapo hapo. Kazi ikiwa rahisi mno, jipimie muda. Ikikutisha, ikate vipande. Ukilazimika kusimama, andika kwanza hatua inayofuata. Na ufanye asubuhi, kabla mabati hayajapata moto.