Viambato vya Asili Dhidi ya Utando wa Bakteria Kinywani: Vinafaa Wapi, Vinakwama Wapi

Watu wanaojua kwamba nimehangaika kwa miaka mingi na fizi zinazotoka damu huniuliza mara kwa mara ni mmea upi unaoua bakteria wa kinywani kwa haraka zaidi: karafuu, mwarobaini au chai ya kijani. Jibu langu huwaudhi kidogo, kwa kuwa huanza kwa kulikataa swali lenyewe. Bakteria wanaotusumbua hawaelei ovyo kwenye mate wakisubiri dawa. Wamejenga, na anayetaka kuwadhibiti kwa viambato vya asili hana budi kujua kwanza wamejenga nini.

Dakika chache tu baada ya jino kusuguliwa likawa safi, protini za mate huligandia na kutengeneza ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho. Bakteria wa mwanzo, wengi wao wa jamii ya Streptococcus, hujishikiza kwenye ngozi hiyo, na wengine huja kujishikiza juu yao. Wakishatulia, hutoa ute unaonata na kujifunika nao, na mkusanyiko huo ndio utando. Katika kazi hiyo Streptococcus mutans ni fundi hasa: vimeng'enya vyake huchukua sukari ya kawaida ya mezani na kuiunganisha iwe minyororo mirefu ya glukani, ambayo ndiyo inayoufanya utando ung'ang'anie jino. Walio juu ya utando hupata oksijeni na chakula. Walio chini hukua polepole, na dawa nyingi, ziwe za mimea au za viwandani, humweza zaidi bakteria anayekua kwa kasi. Utando ukiachwa, madini yaliyomo katika mate huugeuza kuwa ugaga mgumu, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini, karibu na mahali mifereji ya tezi za mate inapofungukia.

Tatizo hili si geni. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyejitengenezea hadubini zake mwenyewe, aliiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, akieleza vijidudu alivyoviona katika uchafu uliokwanguliwa kutoka kwenye meno yake. Muda si mrefu baadaye alijaribu siki, akagundua kwamba iliwaua wale walio upande wa nje wa utando lakini haikupenya hadi ndani. Kwa maoni yangu, mtu akikumbuka uchunguzi huo mmoja, nusu ya matangazo ya dawa za asili za meno hayatamdanganya tena.

Hata hivyo, matangazo hayo mengi hayasemi uongo mtupu. Mafuta ya karafuu yanaua bakteria wa kinywani maabarani, na vivyo hivyo kitunguu saumu, manjano na majani ya mwarobaini. Kinachofichwa ni mazingira ya jaribio. Mara nyingi bakteria huwa wanaelea katika chombo, hawajajenga utando, na hukaa na dawa kwa saa nyingi, pengine siku nzima. Kinywani unasukutua kwa nusu dakika, kisha mate yanaizimua dawa na koo linaimeza.

Nilitaka kuliona jambo hili kwa macho yangu, kwa hiyo nilitafuna vidonge vya rangi ambavyo madaktari wa meno hutumia kuonyesha utando. Aina niliyotumia huupa utando mchanga rangi ya waridi na ule wa zamani rangi ya zambarau inayokaribia buluu. Nyuso za mbele za meno yangu zilikuwa safi, lakini kando ya fizi, kati ya magego, na nyuma ya meno ya chini kulikuwa na mstari wa zambarau iliyokolea. Nilisukutua kwa maji ya karafuu makali kiasi cha kunifanya ulimi ufe ganzi. Nilipotazama tena kwenye kioo, mstari ulikuwa pale pale. Mswaki laini uliolazwa mshazari kuelekea ufizi uliuondoa sehemu kubwa, na uzi wa meno ukamalizia palipobaki.

Je, viambato hivi havina kazi? Vinayo, ila si ya kubomoa. Vinavyonivutia zaidi ni vile visivyoua sana bali vinavyowanyima bakteria nafasi ya kujenga upya. Chai ya kijani ni mfano mzuri. Ule ukakasi unaousikia ukiinywa bila sukari hutokana na polifenoli, kemikali za mmea zinazoshikamana na protini za mate yako, na tabia hiyo hiyo ya kushikamana na protini ndiyo inayoziwezesha katekini, yaani polifenoli za chai, kuvizuia vimeng'enya vinavyotengeneza glukani. Tunda la kranberi lina aina ya tanini inayowazuia bakteria kujishikiza, lakini juisi yake ni chachu mno na kwa kawaida huuzwa ikiwa imejazwa sukari, hivyo faida humezwa na hasara. Zailitoli, kiambato kitamu kinachotumiwa badala ya sukari, kilichomo katika baadhi ya matunda na ambacho pia hutengenezwa kutokana na mti wa betula, inafanya kazi kwa njia nyingine: Streptococcus mutans huiingiza mwilini mwake kisha asiweze kuichachusha iwe asidi. Utafiti wa Turku, Finlandi, katika miaka ya 1970 ndio ulioipa umaarufu. Mimi hutafuna ubani wake baada ya mlo wa mchana ninapokuwa mbali na mswaki, nikijua kwamba sehemu ya faida hiyo inatokana na kutafuna kwenyewe, maana mate mengi hupunguza asidi. Mwenye mbwa auweke mbali naye, kwani zailitoli ni sumu kali kwa mbwa.

Mafuta ya mimea kama thimoli, mentholi na yukaliptoli yana ushahidi mzuri kuliko mengi ya aina yake, lakini yakiwa katika dawa ya kusukutua iliyopimwa viwango na kutumiwa pamoja na mswaki. Sishauri mtu ajichanganyie mafuta halisi nyumbani. Yujenoli, kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, ikiguswa bila kuzimuliwa huunguza ngozi laini ya kinywa, na mtoto akiyameza mafuta hayo anaweza kuumia vibaya. Ndimu na siki ziwekwe kando kabisa, kwa sababu gamba la jino huanza kupoteza madini pale pH, kipimo ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, inapokuwa chini ya 5.5 hivi, na maji ya ndimu yako chini sana ya hapo. Asali, pamoja na sifa zake zote kwenye vidonda, ni sukari. Kusukutua kwa mafuta ya nazi sioni ubaya wake mtu akiwa na subira, ila ushahidi wake ni dhaifu na hakuchukui nafasi ya mswaki.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau katika hamu ya kuua ni kwamba kinywa hakihitaji kuwa kitupu. Wako bakteria juu ya ulimi wanaoigeuza naitreti ya mboga za majani kuwa naitraiti, ambayo mwili huitumia kusaidia kulegeza mishipa ya damu, na dawa kali za kusukutua zinaweza kuwavuruga. Ndiyo maana siku hizi napendelea viambato vya kuzuia kuliko vya kufagia kila kitu.

Utaratibu wangu umekuwa huu: usiku uzi wa meno kwanza, kisha mswaki kwa dakika mbili na dawa ya meno yenye floraidi, ambayo siibadilishi kwa unga wa mmea wowote, halafu natema bila kusukutua kwa maji mengi ili floraidi ibaki. Chai ya kijani naiacha mchana, baada ya mlo, kwa sababu ninachotaka ni kuchelewesha utando mpya juu ya meno ambayo tayari ni safi. Aonaye meno yake yanaingia rangi ya chai apunguze. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, hasa warfarini, azungumze na daktari kabla ya kuzoea kranberi au chai ya kijani kwa wingi. Na fizi zikiendelea kutoka damu baada ya wiki mbili hivi za kusafisha kwa makini, huenda pana ugaga chini ya ufizi. Huo hauyeyushwi na mmea wala kuondolewa na mswaki. Unakwanguliwa na daktari wa meno kwa vifaa vyake.