CNC inaleta ALARM:1 ruta ikiwashwa: acha $21, anza na nyaya za swichi

Mkuu, nikikuelewa vizuri: mashine yako ya CNC (ya kuchonga kwa amri za kompyuta) ya sentimita 60 kwa 90 hapo Tabora inaendeshwa na bodi ya Arduino Uno, CNC Shield V3 (bodi ya juu yake ya kuchomekea mota na swichi) na programu ya GRBL 1.1. Ruta (mashine ya mkono ya kuchonga mbao) ikiwa imezimwa, $H, amri ya kutafuta homu yaani mahali pa kuanzia, inakwenda bila shida. Ukiiwasha na kuanza kuchonga mlango wa mninga, inasimama katikati na kuandika ALARM:1 (swichi ya kikomo imeguswa) wakati hakuna swichi iliyoguswa. Unauliza uweke $21=0 au uongeze $26.

Hakuna kinachotibu hapo. $21=0 inazima ulinzi wote wa swichi za vikomo. $26 nayo, muda wa kusubiri swichi itulie kwa milisekunde, hufanya kazi wakati wa kutafuta homu tu. Ukishaanza kuchonga, iwe 250 au 1000 haibadilishi kitu. Shida yako iko kwenye nyaya.

Pini za vikomo kwenye Uno hushituka papo hapo volti inapobadilika, na GRBL haisubiri kuhakikisha kama swichi imebonyezwa kweli. Mruko mfupi mno wa volti unatosha kusimamisha kazi. Ruta ya mkono ina makaa (brashi za kaboni za mota) yanayotoa cheche muda wote inapozunguka. Ukilaza waya wa swichi sambamba na waya wa ruta ndani ya mnyororo mmoja wa kubebea nyaya, umetengeneza antena.

Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio hili. Chomoa nyaya zote za swichi kwenye shield. Weka jampa fupi (kipande cha kuunganisha pini mbili) kati ya signali na GND kwa kila mhimili, andika $5=1 (inageuza jinsi swichi zinavyosomwa), kisha washa ruta na uendeshe programu hewani bila kugusa mbao. Ukiwa unafanya hivyo hakuna kinachozuia mhimili kugonga ukingo, kwa hiyo kaa karibu na swichi ya dharura. Alamu ikipotea, makelele ya umeme yanaingia kupitia nyaya za swichi. Ikiendelea, angalia pawasaplai, ethi na njia ya waya wa ruta kupita karibu na bodi.

Sasa nyaya zenyewe. Tumia mguu wa NC wa swichi (umeungana na COM swichi ikiwa haijabonyezwa), siyo NO (unaungana ikibonyezwa tu). Kwa NC pini inakaa imeshikwa na GND moja kwa moja, na makelele hupata kazi kubwa kuipandisha. Kwa NO pini inaning'inia kwenye rezista ya ndani ya Uno, ambayo ni kati ya kilo-ohm 20 na 50, udhaifu mtupu. Tena waya wa NC ukikatika au kutafunwa na panya, mashine inakataa kwenda. Waya wa NO ukikatika hutajua mpaka kitu kigonge. COM (mguu wa pamoja) peleka GND, NC peleka signali, na $5 iwe 1.

Hapa wengi hupotea: ukiwa na swichi mbili za NC kwenye mhimili mmoja, moja kila upande, zifunge kwa mfululizo, waya ukitoka ya kwanza uingie ya pili. Usichomeke moja X+ na nyingine X-. Kwenye shield matundu hayo mawili yanakwenda pini ile ile, kwa hiyo ni kama umeziunga sambamba: moja ikifunguka, nyingine bado imeshikilia GND, na GRBL haioni chochote. Mtu anakaa na ulinzi wa picha tu.

Jambo jingine la V3: matundu ya Z yamechorwa kwenda pini 11, lakini GRBL 1.1 inasoma kikomo cha Z kwenye pini 12, kwa sababu 11 imepewa kasi ya spindo (mota inayozungusha kisu). Swichi ya Z ichomeke palipoandikwa SpnEn. Na kwa kuwa $5 inageuza mihimili yote kwa pamoja, huwezi kuchanganya NC na NO. Mhimili usio na swichi uwekee jampa kwenda GND, la sivyo utasomeka umebonyezwa daima.

Waya: chukua wenye wavu wa nje, nyuzi mbili ndani. Wavu uunge upande wa kontrola pekee. Ule wa swichi ukate na kuufunika kwa plastiki. Ukiunga pande zote mbili, umeme unapata njia ya kuzunguka ndani ya wavu na unarudi ulikotoka. Utenganishe na waya wa ruta kwa angalau sentimita 10, na pale lazima zikutane zikatize kwa pembe mraba. Kisha, karibu kabisa na shield, lehemu kapasita ya seramiki ya nanofaradi 100 (imeandikwa 104) kati ya signali na GND, na rezista ya kilo-ohm 4.7 kutoka signali kwenda 5V. Fanya hivyo kwa kila mhimili. Vitu hivi ni bei ya chai, na ukikosa dukani, bodi ya redio mbovu inazo.

Swichi za rola za KW12 zinatosha kabisa. Zile za mlango wa maikrowevu ya zamani nazo zinafaa, ila baadhi zina miguu miwili tu. Pima kwa testa kujua ni NC au NO. Zifunge zibonyezwe kwa ubavu, kitu kipite juu ya rola, badala ya kuzigonga uso kwa uso. Swichi siyo kizuizi, na kifuniko chake hakiwezi kubeba uzito wa daraja la mashine likija kwa kasi. Vumbi la mninga na mkurungu ni laini, linaingia popote, kwa hiyo elekeza rola chini.

Kama utataka sensa ya induksheni (inayohisi chuma bila kukigusa) aina ya LJ12A3-4-Z/BX, fahamu kwamba inataka volti 6 hadi 36, na inaona chuma kwa milimita 4 tu; kwa alumini inapungua. Usiiunge moja kwa moja kwenye Uno, ipitishe kwenye optokapla (kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga) kama PC817. Kwa ruta ya mbao naona ni gharama ya bure.

Kiangazi hiki hewa ya Tabora ikiwa kavu, bomba la plastiki la kunyonya vumbi huzalisha umeme tuli, na ukiruka kwenda fremu unaleta ALARM:1 ile ile. Zungushia bomba waya wa shaba usio na ganda na uuunge kwenye ethi, pamoja na fremu.

Ukimaliza kufunga, usikimbilie $H. Andika ? (kuuliza hali ya mashine) na ubonyeze swichi moja moja kwa kidole. Lazima uone Pn:X, Pn:Y, Pn:Z kila moja kwa wakati wake. Pn ikionekana kabla hujabonyeza, $5 imegeuka au waya umekatika.

Kisha mipangilio: $22=1 (kuruhusu homu), $23=3 (mwelekeo wa homu) kama homu yako iko kushoto mbele (X ni 1, Y ni 2, Z ni 4, unajumlisha), $24=25 (kasi ya polepole ya kuhakiki swichi), $25=500 (kasi ya kuitafuta), $27=3 (milimita za kurudi nyuma). Z hupanda kwanza, halafu X na Y huenda pamoja. Ukipata ALARM:8, mashine imerudi nyuma lakini swichi haijaachia; ongeza $27. ALARM:9 maana yake imetafuta swichi haikuiona: mwelekeo kwenye $23 si sahihi, au $130 hadi $132 (urefu wa mwendo wa X, Y na Z) ni ndogo. Usianzishe $H mhimili ukiwa umekalia swichi ya upande wa pili, kwani GRBL haizitofautishi.

Pima umbali kati ya swichi mbili za X. Ukipata milimita 580, weka $130=577, ili kikomo cha programu kikamate kabla ya swichi ya upande wa mbali na homu. $20=1, inayowasha kikomo hicho cha programu, iwekwe baada ya $22, vinginevyo inakupa error:10. Baada ya homu skrini itaonyesha X ni -574. Siyo kosa, GRBL huhesabu eneo lote kwa hasi.

ALARM:1 ya kweli ikitokea, mota zimesimama ghafla na mahali hapaaminiki tena. Rudi $H, usitumie $X (kufuta alamu) na kuendelea. Sifuri ya kazi kwenye G54 imehifadhiwa hata umeme ukikatika, kwa hiyo mlango ulioishia nusu unaweza kuumalizia palepale.

Ukifanya jaribio la jampa, leta majibu ya $$ (orodha ya mipangilio) na picha ya jinsi nyaya zinavyopita kwenye mnyororo.