Baiskeli ya relini: tairi la mbele linadondoka, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Korogwe, reli ya Tanga inapita jirani na kwetu na treni zenyewe ni za nadra. Nimechomelea baiskeli ya kutembea relini, tairi zote mbili zinakaa reli moja, halafu nimetoa mkono wa bomba wenye kigurudumu mpaka reli ya pili. Shida tairi la mbele linadondoka kila baada ya mita chache. Nikaze usukani au ninunue tairi pana?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tairi liache. Baiskeli inasimama wima bila kuanguka kwa sababu usukani unachezacheza kushoto kulia muda wote hata kama mwenyewe hujui, sasa kichwa cha reli ni sentimita 6 hivi, utachezea wapi? Ukikaza usukani peke yake utadondoka vilevile, sababu hakuna kinachokurudisha.

Kinachotakiwa ni ukingo, kama ule wa gurudumu la treni. Tafuta puli ya chuma yenye beringi, ifunge mbele ya tairi la mbele, ukingo wake ushuke upande wa ndani wa reli, halafu na kile kigurudumu cha mkono kiwe na ukingo upande wa ndani pia. Hapo reli mbili zinakubana huku na huku, na sasa ndio unakaza usukani. Ila ukingo usishuke zaidi ya sentimita 3, maana pale reli zinapoungana kuna vyuma na boliti pembeni, ukizigonga kwa kasi unaruka na baiskeli yako.

Reli yenu ina mita 1 kutoka ubavu wa ndani wa reli moja mpaka ubavu wa ndani wa reli ya pili, kwa hiyo kutoka katikati ya tairi mpaka katikati ya kigurudumu weka kama sentimita 106, na kigurudumu kiwe kipana kidogo kwa ajili ya kwenye kona. Mkono uwe pembetatu, yaani mabomba mawili yakutane kwenye kigurudumu, bomba moja linapinda tu.

Sasa mdogo wangu nisikilize vizuri. Hapo Korogwe usipande. Hiyo njia ilikaa bila treni ya abiria kwa miaka zaidi ya 20, mwaka 2019 treni ya abiria ikarudi mpaka Moshi na 2020 ikafika Arusha. Treni ya mizigo ikipiga breki inahitaji mamia ya mita kusimama, na wewe breki zako reli ikilowa hazishiki kitu, na bila kibali ni kosa kisheria. Kambodia kule Battambang walikuwa na vigari vya mianzi kwenye reli ya mita 1 kama yenu, vikikutana viwili chenye mzigo mdogo kinafunguliwa, jukwaa linawekwa pembeni na ekseli pia, mwenzake anapita. Lakini treni zenyewe huko zilikuwa zimebaki chache sana. Ufaransa na Ujerumani wanapanda vya magurudumu manne, tena kwenye njia zilizofungwa rasmi.

Kwa hiyo tafuta vyuma vya engo (vile vyenye umbo la L), vipigilie juu ya mbao kwa upana uleule wa mita 1, ujaribie hapohapo karakana. Mita kumi zinatosha kuona kama ukingo unashika, na ukitaka kwenda mbali zaidi peleka barua TRC (Shirika la Reli Tanzania) uombe kipande kisichotumika.