Lensi zikikuuma machoni, anza kwa kuangalia saa

Lensi za kuvaa machoni zikianza kusumbua, wengi hukimbilia duka la dawa kuomba matone. Matone gani? Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu jicho lililokauka, jicho lenye chembe ya vumbi na jicho lililoingiwa na vijidudu yote huwa mekundu, na kila moja linataka kitu chake. Kabla ya kununua chochote, jiulize maumivu yanaanza saa ngapi: papo hapo ukishavaa, jioni, au baada ya kuzitoa?

Tuanze na inayochoma papo hapo. Itoe. Usiivumilie ukisema jicho litazoea. Lensi laini iliyokaa vizuri huisahau ndani ya dakika moja tu. Iweke kwenye ncha ya kidole, iinue usawa wa macho karibu na dirisha, uitazame kwa ubavu. Kingo zikisimama kama za bakuli, upande ni sawa. Zikilala kwa nje kama za sahani ya pilau, imegeuka. Ukibaki na mashaka, ibane taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada: iliyo sawa hujikunja kingo zikaelekeana, kama kipande cha chapati unachokikunja kuchotea maharage. Iliyogeuka hukataa, kingo zake zikapinduka kuelekea vidole vyako.

Kama upande ni sawa, imulike dhidi ya mwanga uangalie mchaniko au unyuzi. Lensi iliyochanika, hata mchaniko uwe wa milimita moja, ni ya kutupa, kwa sababu kila ukipepesa ukingo ule unakwangua konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, sehemu yenye neva nyingi sana. Unyuzi kwa kawaida hutoka kwenye taulo. Kausha mikono kwa kitambaa laini cha pamba kisichotoa manyoya, na unawe kwa sabuni ya kawaida isiyo na mafuta wala manukato, kwa sababu sabuni za krimu huacha utando ambao kidole kinaupeleka moja kwa moja kwenye lensi. Vaa lensi kabla ya kujipaka losheni au wanja, uzitoe kabla ya kunawa vipodozi.

Na pilipili. Ukikata pilipili mchana, ukali wake hubaki kwenye ngozi na chini ya kucha hata baada ya kunawa mara moja, na lensi laini huunyonya. Ukijua jioni utazitoa kwa vidole hivyo, kata pilipili ukiwa umevaa glavu au mwachie mwingine kazi hiyo. Lensi iliyoguswa na pilipili usijaribu kuiokoa.

Sasa inayosumbua jioni. Asubuhi iko shwari, saa tisa alasiri jicho linaanza kuwa na mchanga, saa kumi na mbili unatamani kulikuna. Hili ndilo lalamiko kuu la kiangazi cha Tabora. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua karibu hakuna, hewa ni kavu, na barabara za mitaa isiyo na lami zinatoa vumbi siku nzima. Lensi laini ina maji ndani yake, na yakipungua inajibana na kushika konea. Cha kushangaza, lensi zenye maji mengi zaidi mara nyingi ndizo hukauka vibaya katika hali hii, kwa hiyo usinunue aina kwa sababu tu boksi linajisifia kiwango cha maji. Lensi za silikoni haidrojeli, aina ya plastiki laini, hupitisha hewa nyingi zaidi na huwafaa wengi wa huku, ingawa macho hayafanani.

Ukipanda bodaboda, vaa miwani inayoziba pembeni au kofia yenye kioo, ukishushe. Jikoni penye jiko la kuni, kaa upande ambao moshi hauelekei. Ukiangalia simu au kompyuta unapepesa macho mara chache kuliko kawaida, na mara nyingi kope hazifungi hadi mwisho. Kila dakika 20, inua macho utazame mbali, kisha funga kope kabisa mara kumi, taratibu, bila kukaza. Matone ya kulainisha yanasaidia, ila yawe yameandikwa kwamba yanafaa kwa anayevaa lensi, na bora yale yasiyo na kihifadhi. Matone ya kuondoa wekundu hayalainishi kitu, yanabana tu mishipa ya damu, na baada ya muda wekundu hurudi zaidi.

Lakini mara nyingi ukavu wa jioni ni uchafu uliojijenga. Machozi yana protini na mafuta, hivyo vinaganda juu ya lensi usiku baada ya usiku kama haisuguliwi. Kuitumbukiza tu kwenye maji ya lensi, yaani dawa ya chupani ya kuzisafishia, hakutoshi, hata kama chupa imeandikwa kwamba kusugua si lazima. Iweke kwenye kiganja, dondoshea matone matatu au manne, sugua kwa kidole kwenda mbele na kurudi sekunde 20, geuza, rudia, kisha suuza kwa maji hayohayo ya chupani kabla ya kuiweka kwenye kikasha chenye maji mapya. Iache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Nyingi zinataka saa 4 hadi 6. Usiongezee maji mapya juu ya yale ya jana, dawa iliyochoka huifanya nayo mpya ipungue nguvu. Asubuhi mwaga yote, suuza kikasha kwa maji ya lensi, kifute, kiache wazi kimegeuzwa kifudifudi juu ya karatasi safi, mbali na choo. Badilisha kikasha kila miezi 3. Lensi ya mwezi, yaani ya kutupwa baada ya mwezi mmoja, huhesabiwa kuanzia siku ulipofungua pakiti, hata kama uliivaa Jumapili tu.

Maji ya kawaida yasiguse lensi kamwe. Yawe ya bwawa la Igombe, ya Ziwa Victoria yaliyoletwa kwa bomba, ya kisima, ya mvua au ya chupa ya dukani, yote ni marufuku. Katika maji huishi amiba aitwaye Acanthamoeba, anayejifungia kwenye ganda gumu ambalo klorini ya bomba haimmalizi. Akiingia kwenye konea kupitia mkwaruzo mdogo, matibabu huchukua miezi, na wengine hupoteza uwezo wa kuona katika jicho hilo. Maji matupu pia hufanya lensi laini ivimbe na kunata kwenye jicho. Kwa hiyo toa lensi kabla ya kuoga, na mkienda Kigoma kuogelea Ziwa Tanganyika, ziacheni nyumbani. Maji ya dripu hayana vijidudu, lakini hayaui vijidudu, kwa hiyo hayawezi kulaza lensi. Mate sitaki hata kuyajadili.

Chupa ya maji ya lensi si kitu cha kupata kila duka la dawa hapa mjini. Ukiagiza Dar, agiza mbili, soma tarehe ya mwisho, na andika kwa kalamu siku uliyofungua, kwa sababu nyingi hutakiwa kutupwa baada ya siku 90. Zikiisha kabla mzigo haujafika, vaa miwani. Asiyekuwa na miwani ya akiba hajawa tayari kuvaa lensi.

Kuna lensi ambazo haziwezi kutulia hata ukifanya yote haya, kwa sababu hazikupimwa kwa jicho lako. Kwenye boksi kuna BC, mfano 8.6, ambao ndio mpindo, na DIA, mfano 14.2, ambayo ni kipenyo. Iliyobana haisogei kabisa ukipepesa, na ukiitoa inaacha duara jekundu kwenye weupe wa jicho. Iliyolegea inatelezateleza na kuona kunakuja na kupotea. Nguvu ya miwani nayo haihamishwi tu ilivyo: kuanzia 4.00 kwenda juu mpimaji lazima arekebishe, kiasi kwamba miwani ya −6.00 huwa lensi ya karibu −5.50. Lensi za rangi zinazouzwa kwenye maduka ya vipodozi na mtandaoni hazina hesabu hii yoyote, nami ningekuomba sana usiziweke machoni, hata kwa siku ya harusi.

Ukishindwa kuitoa kwa sababu imekauka na kunata, usiivute. Weka matone ya kulainisha, funga jicho, subiri dakika 5 hadi 10, pepesa, rudia mpaka isogee. Usiogope kwamba imepotelea nyuma ya jicho, utando wa ndani ya kope umeziba njia hiyo. Ikipanda juu, tazama chini na usugue kope taratibu kwenda chini. Hutokea zaidi kwa waliolala nazo, na treni ya usiku ya Kigoma inatosha kukulaza hata kama hukupanga. Kulala na lensi huongeza hatari ya maambukizi mara 6 hadi 8, kwa hiyo zitoe kabla ya kupanda.

Imebaki ile inayouma baada ya kutoa. Muwasho pamoja na uzi mweupe wa ute asubuhi mara nyingi ni mzio; pumzisha macho wiki chache, kisha zungumza na mpimaji kuhusu lensi za siku moja. Lakini jicho linalozidi kuuma saa chache baada ya kutoa lensi, linalokimbia mwanga, lenye tongotongo nyingi, linaloona ukungu au lenye doa jeupe juu ya sehemu nyeusi, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo, usingoje kupambazuke mara ya pili. Nenda Hospitali ya Kitete hapa Tabora, ulizia kitengo cha macho. Usilifunge kwa bandeji, usiweke maziwa ya mama wala majimaji ya majani, wala matone yaliyobaki ya ndugu yako, hasa yenye deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, yanayoweza kuficha maumivu huku kidonda kikichimba. Chukua lensi zenyewe ndani ya kikasha chake, bila kuzisafisha, pamoja na chupa, kwa sababu wanaweza kupima vijidudu kutoka humo. Na neno la kwanza kumwambia daktari, hata kabla ya kusema inauma wapi, ni kwamba unavaa lensi.